Cherehani Mbili na Kodi ya Miezi Mitatu

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukagua kioo cha dirisha. Nilifika ofisini Migori saa mbili kasoro asubuhi nikiwa na cheti cha darasa la saba na barua ya mchungaji, nikidhani nitaonyeshwa meza. Meneja hakunionyesha meza. Alinipa ufunguo uliofungwa kipande cha bati chenye nambari sita, akasema, "Nenda chumba hicho. Mpangaji ametoka jana na anataka amana yake. Angalia kila kitu, urudi uniambie kama tumrudishie."

Hii ilikuwa ofisi ya wakala wa nyumba. Wenye majengo waliokaa mbali, au waliochoka kugombana na wapangaji, walituachia funguo zao, nasi tukawatafutia wapangaji, tukaandika mikataba na kukusanya kodi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mji ulikuwa unajengwa pande zote za barabara. Amana ni fedha anazoweka mpangaji siku ya kuingia, kwa kawaida sawa na kodi ya mwezi mmoja. Wapangaji wetu wengi waliiita dipoziti. Si kodi. Hukaa mpaka siku ya kutoka, na kama hajavunja kitu wala hadaiwi, anarudishiwa yote.

Chumba nambari sita kilikuwa safi, isipokuwa kioo kimoja kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe. Nilikitazama kwa muda. Ndani ya ule ufa mlikuwa na rangi ya kijani, rangi ileile ya fremu. Nikarudi.

"Kioo kimepasuka, mzee, lakini si yeye aliyekipasua."

"Ulikuwapo?"

"Hapana, mzee. Rangi imeingia ndani ya ufa. Kilikuwa kimepasuka kabla ya kupakwa rangi, na rangi ilipakwa kabla hajaingia."

Meneja alivua miwani. Zamani alikuwa karani wa mahakama, na alikuwa na desturi ya kumtazama mtu kama shahidi. "Mwenye nyumba hatafurahi," akasema. "Nilikuwa nimeshamwambia kioo kitalipwa."

"Ndiyo, mzee."

"Basi keti." Akanisogezea kigoda kilichokuwa kando ya kabati la faili. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Nilikaa kwa Meneja miaka minne, na mengi ninayoyajua kuhusu dhamana za upangaji alinifundisha yeye, mara nyingi akiwa anakunywa chai. Alikuwa akisema mkataba ni maneno, na dhamana ni kitu kinachobaki mkononi maneno yakiisha. Kabla ya kumpa mtu ufunguo, alitaka nijiulize maswali mawili. La kwanza: akishindwa kulipa, tutashika nini? La pili, ambalo makarani wengi hawakulikumbuka: tukishakishika hicho, atalipa kwa nini?

Kila mpangaji alikuwa na dhamana inayomfaa. Mwalimu au muuguzi alileta barua ya mwajiri inayosema mshahara wake unapita wapi. Mwenye duka aliyekuwa na akaunti aliacha hundi zilizoandikwa tarehe za mbele, moja kwa kila mwezi, nasi tukazipeleka benki zamu yake ikifika. Asiye na mshahara wala akaunti alileta mdhamini, yaani mtu mwingine anayetia sahihi kwamba mpangaji akishindwa, atalipa yeye. Na wale ambao hawakuwa na hata mtu wa kuwadhamini waliweka rehani, kitu chao chenyewe, kikakaa kwetu.

Swali la pili la Meneja nilikuja kulielewa kule Macalder, kwenye machimbo ya dhahabu. Tulikuwa na vyumba vichache kule, wapangaji wake wakiwa wachimbaji wadogo na watu walionunua dhahabu kutoka kwao. Mnunuzi mmoja hakuwa na amana, nikakubali aweke rehani mizani yake ndogo ya kupimia, iliyokuwa ndani ya kisanduku chenye kitambaa cha mahameli. Nilirudi Migori najisifu. Meneja alikifungua kisanduku, akatazama zile sahani mbili za shaba, akauliza, "Na sasa huyu ananunua dhahabu kwa kupima na nini? Kwa macho?" Nilirudi siku hiyohiyo kumpelekea. Yule bwana alikuwa amekaa nje ya chumba chake, bila kazi, amefura. Aliniambia, "Karani, wewe umemfunga ng'ombe mdomo halafu unangoja maziwa."

Baadaye nilipelekwa Kehancha kwa msimu mmoja, kusimamia ghala lililokodishwa na kampuni ya kununua tumbaku. Dhamana ya kampuni ilikuwa barua ya benki: karatasi moja ambayo benki inaahidi kwamba kampuni isipolipa, benki italipa. Meneja aliniambia hakuna dhamana iliyo nzito kuliko hiyo. Mwenye ghala, mzee wa Kikuria mwenye ng'ombe wengi, aliigeuza nyuma na mbele.

"Hii benki ina ng'ombe?"

"Haina ng'ombe, mzee. Ina fedha."

"Umeziona?"

"Sijaziona."

"Basi wewe na mimi tunaamini kitu ambacho hakuna aliyekiona. Hayo mambo niliyaacha kanisani." Lakini akautia mkataba sahihi, na kampuni ililipa kila mwezi, na ile barua haikuwahi kutolewa sefuni. Dhamana nyingi ndivyo zilivyo. Mtu anafanya kazi hii miaka na miaka na haoni moja ikitumika.

Mimi niliona moja ikitumika hadi mwisho, na hiyo ilikuwa Homa Bay.

Nilihamishiwa tawi la Homa Bay katikati ya miaka ya tisini. Msimamizi wa Tawi alikuwa mwanamke, nasi sote tulimwita Madam. Alizungumza polepole, hakupenda barua ndefu, na alikuwa na kitabu cha sheria za kodi kilichofungwa kwa utepe wa gundi kwa sababu jalada lake lilikuwa limeng'oka. Mwenye jengo mkubwa kuliko wote tuliowahudumia alikuwa mfanyabiashara Mwislamu aliyekuja kutoka Isiolo tangu ujana wake, akiuza vitambaa. Mji mzima ulimwita Hajji. Alikuwa na jengo la maduka sita karibu na soko.

Duka la nne lilichukuliwa na mafundi cherehani, mume na mke. Mume aliitwa Zakayo, mke Peres. Majirani walimwita mke Nyar Gwassi, yaani binti wa Gwassi, kwa sababu alizaliwa huko. Walikuwa na cherehani mbili za miguu. Ya Peres ilikuwa nyepesi, ya kushonea sare za shule na magauni. Ya Zakayo ilikuwa nzito, iliyoweza kupitisha sindano kwenye turubai na viti vya magari, na hiyo ndiyo iliyowaletea kazi kubwa. Mkataba wao niliuandika mimi. Nilichukua amana ya mwezi mmoja, na nikataka mdhamini. Zakayo alimleta kaka yake, mwalimu wa shule ya msingi. Mwenye mshahara, mtu anayejulikana, anayekaa boma moja na mpangaji kule Lambwe. Niliona nimepata mdhamini bora kuliko wote.

Hilo lilikuwa kosa langu, na naliandika hapa ili karani mwingine asilirudie. Kwetu sisi, mtu akitafuta mdhamini humleta ndugu yake, na karani hufurahi kwa sababu ndugu hamkimbii ndugu. Lakini ndugu huyohuyo ndiye mrithi. Mpangaji akifa, yule uliyemtegemea alipe ndiye atakayekuja kuchukua.

Zakayo aliugua karibu mwaka mzima. Kwa miezi mingi Peres alikuwa akienda hospitali asubuhi na kushona mchana, na kodi ikawa inakuja nusunusu, kisha ikakoma. Zakayo alipofariki walikuwa wanadaiwa miezi mitatu. Walifunga duka wakaenda kumzika Lambwe, cherehani zote mbili zikabaki ndani.

Madam alimwandikia mdhamini. Mwalimu alikuja Jumamosi, amevaa koti, akaketi mbele yetu.

"Nilimdhamini ndugu yangu," akasema. "Ndugu yangu hayupo tena."

"Sahihi yako ipo," Madam akamjibu.

"Sikatai. Nitalipa. Nipeni ufunguo wenu wa akiba nizichukue zile cherehani nizipeleke nyumbani, halafu nitalipa polepole."

"Mwalimu, cherehani moja ni ya mjane."

"Madam, kwetu hakuna kitu cha mjane. Kuna vitu vya boma."

Madam alimtazama, kisha akanitazama mimi. Mwalimu aliondoka bila ufunguo wala kulipa. Kumshtaki mdhamini kungechukua mwaka, na Hajji hakutaka kungoja mwaka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja ofisini akasema, "Mimi nimeenda mazishini, nimetoa rambirambi, nimekaa kimya. Sasa nauliza tu: duka limefungwa, kodi hakuna, na watu wanne wanalitaka. Nifanyeje?"

Ilibaki njia moja, nayo ni kukamata mali kwa ajili ya kodi. Hiyo ni dhamana ambayo haiandikwi kwenye mkataba, kwa sababu sheria yenyewe imempa mwenye nyumba: vitu vilivyomo ndani ya nyumba yake vinaweza kukamatwa na dalali mwenye kibali cha mahakama, vikauzwa, kodi ikalipwa. Lakini ina mipaka. Madam alinisomea kutoka kitabu chake. Dalali haji kabla jua halijachomoza wala baada ya kutua. Havunji mlango wa nje. Hagusi nguo zilizo mwilini. Na hagusi kitu kilicho mkononi mwa mtu, kikifanya kazi wakati huohuo.

"Kwa nini hicho cha mwisho?" nikauliza.

"Kwa sababu ukimnyang'anya mtu jembe analolimia, atakupiga nalo. Sheria haitaki vita, inataka kodi." Akafunga kitabu. "Dalali atakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Barua imeshatumwa kwa mwalimu."

"Kwa mwalimu? Na mjane?"

"Mkataba haumtaji mjane."

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Nilifanya kazi kwa wakala wa mwenye nyumba, nikilipwa kutokana na kodi. Lakini yule mwanamke alikuwa anakaa Lambwe bila kujua kwamba sheria imemwekea kitu, na mimi nilikuwa nakijua. Ijumaa nilimwambia Madam, "Kesho nataka kwenda Lambwe kumwambia mjane kuhusu Alhamisi. Na kuhusu kitu kilicho mkononi."

Madam aliendelea kuandika. "Kesho ni siku yako ya mapumziko?"

"Ndiyo, Madam."

"Basi sijui unakoenda. Nauli ni yako. Na ukifika huko usimwambie uongo wowote, wala usimwahidi kitu kwa jina la ofisi."

Nilifika Lambwe saa nne. Kaburi lilikuwa bado bichi, na wazee wa boma walikuwa wameketi kwenye viti mbele ya nyumba ya marehemu. Peres alikuwa ndani, ameketi kwenye kiti mlangoni, amevaa koti la mumewe juu ya gauni. Kwa desturi yetu mjane hatoki kwenda kazini, wala haingii mahali pa watu, mpaka shughuli za kumaliza msiba zifanywe na anyolewe nywele. Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Sikuweza kumwita pembeni, isingekuwa heshima, kwa hiyo nilisema yote mbele ya wazee. Tulizungumza kwa Kijaluo.

Mzee mmoja, baba mdogo wa Zakayo, aliniuliza, "Omera, umetumwa na nani?"

"Sijatumwa, jaduong'. Nimekuja mwenyewe."

"Karani wa mwenye nyumba anakuja mwenyewe kumwambia mdaiwa namna ya kushika vitu vyake. Unaumwa?"

Wenzake wakacheka kidogo. Nikasema, "Naeleza sheria ilivyo. Alhamisi dalali atakuja. Kitu ambacho mtu anakitumia hawezi kukichukua. Jua likitua, ameshindwa kwa siku hiyo, na Hajji itabidi akae mezani kuzungumza."

Peres akasema kutoka mlangoni, "Cherehani ni mbili. Mimi nina miguu miwili tu."

"Ni ile iliyo chini ya miguu yako, mama. Nyingine siwezi kukudanganya."

Baba mdogo akatikisa kichwa. "Mjane hajanyolewa, aende mjini akae dukani watu wakimtazama? Jambo likiharibika katika boma hili, tutamlaumu nani?"

Kisha mama yake Zakayo, mwanamke mzee aliyekuwa amekaa chini kwenye mkeka karibu na ukuta, ambaye nilidhani hasikii vizuri, akasema, "Mwanangu alikufa akidaiwa. Mnataka alale kaburini na deni na mkewe akae na mikono mitupu? Aende. Nipeni kiti chake mlangoni. Mimi nitakaa mpaka arudi, na jambo likiharibika, liniharibikie mimi. Nimebakiza nini?"

Akainuliwa, akakaa pale mlangoni. Nimewaandika wadhamini wengi katika maisha yangu, na mihuri yao, na namba za vitambulisho. Huyo hakuandikwa popote.

Alhamisi jua lilipochomoza, duka la nne lilikuwa wazi, Peres amelifungua kwa ufunguo wake. Nilifika na dalali saa tatu, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuandika orodha ya vitu vinavyochukuliwa. Dalali alikuwa mtu mnene, mpole, aliyependa kuvaa tai. Alikuja na wapagazi wawili na mkokoteni. Nje watu walikuwa wameshakusanyika.

Peres alikuwa kwenye cherehani yake, amevaa lile koti, anashona sare za shule zilizoagizwa kabla ya msiba. Hakuinua kichwa. Na kwenye cherehani ya Zakayo, ile nzito, alikuwa amekaa Mama Odongo, muuza omena, vile vidagaa vya ziwani, wa duka la pili, mwanamke mkubwa ambaye hajawahi kushona hata kifungo. Alikuwa anapiga pedali kwa nguvu, kipande cha turubai mbele yake, harufu ya omena imejaa duka lote.

Dalali alisalimu kwa adabu. Alisimama karibu na Peres, akatazama sindano ikipanda na kushuka, akaniambia, "Hii hatuigusi. Andika meza, andika pasi, andika kabati la kioo." Kisha akageuka. "Na wewe, mama, unashona nini?"

"Nashona turubai. Huoni?"

"Naona linazunguka tu."

"Linazunguka kwa sababu ni kubwa. Wewe nawe ni mkubwa, mbona hatukuulizi unazungukia nini hapa?"

Watu nje waliangua kicheko. Mpagazi mmoja naye alicheka akaficha mdomo. Dalali mwenyewe alitabasamu, akafuta jasho.

"Tangu lini unajua kushona, Mama Odongo?"

"Tangu leo asubuhi. Kwani lazima nikuombe ruhusa? Mwalimu wangu yuko hapa," akamwonyesha Peres kwa kidevu. "Wewe toka, unatuzibia mwanga."

Dalali hakutaka ugomvi na mwanamke mbele ya umati. Akanigeukia mimi. "Karani, wewe ndiye ofisi. Niambie ukweli mbele ya watu hawa na mimi nitaufuata. Hii cherehani inafanya kazi, au haifanyi?"

Nilikuwa nimeshaona. Niliona tangu nilipoingia mlangoni. Sindano ilikuwa tupu, na pini ya juu inayoshika kibiringo cha uzi haikuwa na kitu. Mama Odongo hakujua. Peres ndiye aliyekuwa amejua wakati uleule dalali alipouliza, maana niliona mkono wake wa kushoto umeacha kitambaa na kuanza kunyooka kuelekea kikopo cha nyuzi kilichokuwa kati ya cherehani mbili. Miguu yake haikusimama.

Nikasema, "Haina uzi."

Mkono wa Peres ulisimama hapo ulipofika. Kisha ukarudi kwenye kitambaa.

Mama Odongo aliinama akaichungulia sindano kama mtu anayetafuta mfupa wa samaki, akasema kwa sauti ya chini, "Aa." Nje hakuna aliyecheka tena. Mtu mmoja alinitukana kwa Kijaluo, tusi ambalo siliandiki. Wapagazi wakaingia.

Peres alisema neno moja tu siku hiyo, nalo hakunielekezea mimi. Wapagazi walipoanza kuivuta ile cherehani sakafuni, aliwaambia, "Ibebeni kwa mikono. Mwenyewe hakuwa akiiburuta." Wakaibeba. Yeye aliendelea kushona mpaka jua lilipotua, ingawa dalali alikuwa ameondoka tangu saa nne na hakuna aliyekuwa amebaki wa kumnyang'anya chochote. Kisha akafunga duka akarudi Lambwe kukaa kwenye kiti chake.

Cherehani ya Zakayo ilikaa kwenye stoo ya dalali kwa siku zilizowekwa ili mwenye nayo aweze kuikomboa. Hakuna aliyeikomboa. Ilinunuliwa mnadani na fundi kutoka Oyugis. Bei yake, pamoja na ile amana, ilitosha kodi ya miezi mitatu na malipo ya dalali. Meza, pasi na kabati vikarudishwa. Hajji alipata haki yake, faili ikafungwa. Madam alipoisaini alisema, "Kazi imefanywa inavyotakiwa." Hakuwa ananisifu wala kunilaumu.

Wiki tatu baadaye Peres alikuja ofisini, amenyolewa. Alitaka mkataba wa duka lilelile kwa jina lake. Hajji naye alikuwapo. Madam alimwambia karani mwingine aandike, kwa kunihurumia nadhani, lakini Peres akasema, "Hapana. Aandike huyu. Huyu hawezi kuandika kitu ambacho hakipo."

Nilichukua karatasi. Sikuweza kumtazama.

"Mdhamini?" nikauliza.

"Sina, na sitaki. Andika amana, nitaiweka kwa mafungu. Na andika hivi: cherehani ya mpangaji haimo. Isikamatwe, ikiwa na uzi au haina."

Hajji alisogeza kiti chake. "Mama, mimi miaka yote nimesikia mpangaji akitaja dhamana yake. Sijasikia akitaja kisichokuwa dhamana. Usipolipa nitashika nini?"

"Utakuwa unapita hapo nje kila siku ukienda msikitini. Ukisikia inalia, ujue kodi yako inakuja. Ukiichukua utasikia nini?"

Hajji alimtazama Madam, na Madam akatazama kitabu chake bila kukifungua. Hajji akasema, "Andika, karani." Niliandika kwa mkono, chini ya maneno yaliyopigwa chapa, na wote wawili wakatia sahihi pembeni. Kwa miaka niliyobaki Homa Bay, kodi ya duka la nne haikuchelewa zaidi ya wiki. Kazi ya maturubai na viti vya magari hakuipata tena. Wateja hao walihamia kwa fundi mwingine.

Nilistaafu nikiwa nimehudumu chini ya mameneja watano, na kila mmoja aliniandikia kwamba mimi ni mwaminifu. Vijana wanaofanya kazi hii sasa huniuliza dhamana gani ni bora. Nawaambia yale ya Meneja, maswali yale mawili, na kwamba wasimchukue mrithi kuwa mdhamini, na wasimwache mke nje ya mkataba wa duka analolifanyia kazi. Hayo nayajua. Kuna moja silijui.

Siku ile ya dalali nilipofika nyumbani jioni nilimweleza mke wangu, Felista, kila kitu: Mama Odongo, kicheko, mkono wa Peres kuelekea kwenye kikopo cha nyuzi. Alikuwa anachambua mboga. Nilimwambia nisingeweza kusema uongo. Alisema anajua. Akachambua mpaka akamaliza, ndipo akasema, "Ulisema kweli. Lakini ulisema upesi."

Felista tulimzika mwaka jana, mwezi wa mvua. Katika miaka yote hiyo tuliyokaa pamoja sikumwuliza alifikiri ningengoja muda gani, kama ni pumzi moja, au mpaka mkono ule ufike, na kama kungoja huko kungekuwa bado ni kweli. Nilidhani nitamwuliza siku moja tukiwa na nafasi. Sasa nina nafasi siku nzima.